Mwenye Simu ni Nani? Haki ya Mnunuzi ya Kuondoa Programu Asizozihitaji

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo katika semina ya Haki na Amani ya parokia)



Tume yetu iliponikabidhi mada hii, baadhi yenu mlinijia pembeni mkaniuliza, na mliuliza kwa haki, mambo ya simu na kompyuta yanahusiana vipi na Haki na Amani. Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia mashamba yaliyoporwa, wajane walionyimwa mirathi na mahabusu wasiofikishwa mahakamani. Je, tumeishiwa na matatizo hata tuanze kujadili vidude vya mkononi?

Nitajibu kwa kisa kidogo. Katika jumuiya moja ya parokia hii yupo mama mweka hazina ambaye riziki yake ni kuuza maandazi. Kwa akiba ya miezi minne alijinunulia simu ya kisasa, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Aliitaka kwa mambo machache: kupokea fedha za wateja, kupiga picha kurasa za daftari la michango ili zisipotee, na kusikiliza masomo ya siku. Haukupita muda mrefu simu ikaanza kumwambia kwamba nafasi imejaa. Akafuta picha za ubatizo wa mjukuu wake. Ikajaa tena. Ndipo aliponiletea niitazame. Nilikuta humo programu zaidi ya ishirini ambazo hakuziomba wala hakuwahi kuzifungua: michezo ya karata, habari za nchi za mbali, programu ya mikopo, vivinjari vitatu vya intaneti. Nilipojaribu kuziondoa, baadhi zilikubali. Nyingi hazikuwa na kitufe cha kuondoa, bali cha kuzima tu. Mbili hazikuwa na kitufe chochote. Mama akanitazama akasema, “Mwanangu, simu hii nimeinunua au nimeazimwa?”

Swali hilo ndilo mada yangu yote. Wapo watu wengine duniani waliouliza swali hilohilo mbele ya mahakama na mabunge, na huko Ulaya wamepata jibu la kisheria. Naomba niwaeleze jinsi jibu hilo lilivyopatikana, kisha tuone kwa nini halijafika kwenye simu ya mama yetu.

Simu inapotengenezwa huwekewa kwanza mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha kuwaka, kupokea sauti na kutii vidole vyetu. Bila mfumo huo simu ni kioo na bati tu. Juu ya mfumo huo huongezwa programu nyingine. Baadhi ni za mwenye kiwanda, baadhi ni za kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi, na baadhi ni za kampuni za pembeni zinazomlipa mwenye kiwanda ili bidhaa zao ziingie katika kila simu itokayo mlangoni pake. Nyingi kati ya hizo huwekwa katika sehemu ya kumbukumbu ya simu iliyofungwa, na ufunguo wake mnunuzi hapewi. Ndiyo maana ukibonyeza “zima”, programu hutoweka usoni lakini hubaki imekalia nafasi ileile. Ndiyo maana pia simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani, zote huota tena kama magugu baada ya mvua ya kwanza. Zisipozimwa, hujisasisha zenyewe, na bando linalotumika ni la mwenye simu. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakaribishwi, halimi, anakula, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumwonyesha mlango.

Kwa nini kampuni zigharimie kukaa katika simu ya mtu asiyezihitaji? Kwa sababu zinajua tabia ya binadamu. Kitu kilichokwisha kuwekwa mbele yake hukitumia, na kukibadili huona ni usumbufu. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya, ambayo ndiyo chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilitoa uamuzi dhidi ya kampuni ya Google kuhusu mfumo wake wa simu uitwao Android. Ilibainika kwamba mtengenezaji wa simu aliyetaka kuweka duka la programu la Google alilazimika kuweka pia mtambo wa kutafutia wa Google na kivinjari chake, Chrome. Katika uamuzi huo mna takwimu ambazo kwangu zinatosha kuliko maelezo marefu. Katika simu za Android, ambazo Google ilikuwa imewekwa humo tangu mwanzo, zaidi ya asilimia 95 ya utafutaji wa mwaka 2016 ulipitia Google. Katika simu za mfumo wa Windows, ambazo Google haikuwekwa bali iliwekwa Bing ya kampuni ya Microsoft, utafutaji uliopitia Google haukufika asilimia 25, na zaidi ya asilimia 75 ulipitia Bing. Google ilikuwa ileile, na kuipata hakukuhitaji fedha. Kilichotofautiana ni nani aliyetangulia kukalia kiti. Google ilitozwa faini ya yuro bilioni 4.34. Ilikata rufaa, na mwezi Septemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg iliuthibitisha uamuzi kwa sehemu kubwa, ikapunguza faini hadi yuro bilioni 4.125.

Lakini mgogoro huu ni mkongwe kuliko simu hizi. Naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa tutakutana na hoja ambayo hata leo wauzaji wanaitumia.

Mwaka 1998 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa ya nchi hiyo, iliishitaki kampuni ya Microsoft. Wakati ule kompyuta nyingi mno duniani zilitumia mfumo wake wa Windows, na ndani ya Windows Microsoft ilikuwa imetia kivinjari chake, Internet Explorer, bila njia ya kawaida ya kukiondoa. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja, kwamba ukikitoa kivinjari unaivunja Windows yenyewe. Mwezi Desemba 1998 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Princeton, Edward Felten, alitoa ushahidi kuhusu programu aliyoitengeneza pamoja na wasaidizi wake ili kuonyesha kwamba kivinjari kile chaweza kuondolewa. Kampuni ilimpinga vikali. Kesi iliendelea, na mwezi Juni 2001 mahakama ya rufani ya Washington ilikubali kwamba kukinyima kivinjari kile nafasi katika orodha ya vitu ambavyo mtumiaji anaweza kuviondoa kulikuwa tendo la kuua ushindani. Hata hivyo, suluhu iliyofikiwa kati ya serikali na kampuni mwezi Novemba mwaka huohuo iliishia kwenye kuondoa njia ya kukifikia kivinjari, yaani alama yake usoni, wala si kivinjari chenyewe. Mlango ulipakwa rangi ya ukuta, na mpangaji akabaki ndani.

Ulaya nayo ilijaribu kwa njia zake, na haikufanikiwa mara moja. Mwezi Machi 2004 iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyokuwa na programu yake ya kuchezea muziki na filamu. Kampuni ikatii: ikatoa Windows pungufu, ikaiuza kwa bei ileile ya iliyo kamili. Ni nani atakayenunua nusu kwa bei ya nzima? Karibu hakuna aliyeinunua. Baadaye, Desemba 2009, kampuni iliahidi kuwaonyesha watumiaji wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari wakitakacho. Ahadi hiyo ilitekelezwa, kisha kati ya Mei 2011 na Julai 2012 ukurasa ule haukuonekana kwa watumiaji wapatao milioni 15. Miezi kumi na minne! Mwezi Machi 2013 kampuni ilitozwa faini ya yuro milioni 561 kwa kuvunja ahadi. Ninyi mnaokaa katika kamati za shule na za maji mnajua kwamba mradi usiokuwa na msimamizi hufa ukiwa bado umeandikwa kwenye taarifa kuwa unaendelea.

Kutokana na mafunzo hayo Umoja wa Ulaya ulitunga Sheria ya Masoko ya Kidijitali. Ilitiwa saini Septemba 2022, ikaanza kuwa na nguvu tarehe 1 Novemba 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Upya wake ni huu: badala ya kungoja kosa litendeke na kesi ichukue miaka kumi, sheria inawataja kwanza wale wenye nguvu kubwa mno sokoni na kuwapa orodha ya yapasayo na yasiyopasa. Wenye nguvu hao inawaita mabawabu, kwa sababu wamesimama langoni kati ya wafanyabiashara na wateja, na hakuna apitaye bila wao. Kwa kawaida bawabu ni kampuni yenye mapato ya yuro bilioni 7.5 kwa mwaka katika Ulaya, au yenye thamani ya yuro bilioni 75, na ambayo huduma yake hutumiwa na watu milioni 45 kila mwezi katika Umoja huo. Tarehe 6 Septemba 2023 zilitajwa kampuni sita: Alphabet ambayo ndiyo mwenye Google, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Zilipewa hadi tarehe 7 Machi 2024 kutimiza masharti.

Miongoni mwa masharti hayo, katika kifungu cha sita, limo lile linalotuhusu leo. Bawabu mwenye mfumo endeshi ni lazima amruhusu mtumiaji, na tena amwezeshe kiufundi, kuondoa kwa urahisi programu zilizomo katika mfumo huo. Zingatieni yale maneno “kwa urahisi”. Waliotunga sheria walijua kwamba haki iliyofichwa chini ya kurasa kumi za maelekezo si haki. Kadhalika bawabu ni lazima amwezeshe mtumiaji kubadili kwa urahisi programu zinazojifungua zenyewe, na kuhusu kivinjari na mtambo wa kutafutia, amwonyeshe orodha achague mwenyewe. Sheria imeacha pengo moja tu: programu ambayo ni ya lazima kabisa kwa kazi ya mfumo au ya kifaa, na ambayo kiufundi haiwezi kutolewa na mtu mwingine peke yake, inaweza kubaki. Atakayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, na hadi asilimia 20 akirudia.

Na kweli mambo yakabadilika. Mwezi Novemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba katika nchi za Ulaya mtumiaji wa Windows ataweza kuondoa kivinjari chake cha sasa, Edge, pamoja na utafutaji wa Bing. Hebu pimeni: kampuni ileile iliyoiambia mahakama mwaka 1998 kwamba kivinjari na Windows ni kitu kimoja! Apple ilijikokota zaidi. Tarehe 25 Machi 2024 Tume ya Ulaya ilianzisha uchunguzi dhidi yake kuhusu uhuru wa mtumiaji kuondoa na kuchagua programu. Mwezi Agosti mwaka huo Apple ikatangaza kwamba Ulaya mtumiaji ataweza kufuta hata kivinjari Safari, duka la programu, programu ya ujumbe, ya picha na ya kamera. Uchunguzi huo ulifungwa tarehe 23 Aprili 2025 kwa sababu kampuni ilikuwa imejirekebisha. Siku hiyohiyo Apple ilitozwa faini ya yuro milioni 500 kwa kosa jingine chini ya sheria hiyo, nayo Meta yuro milioni 200. Nataja faini hizo ili asiwepo wa kudhani kwamba mabadiliko yalikuja kwa hisani.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapofika kwenye uchungu wa mada hii. Uhuru huo umewekewa mpaka. Windows inapowashwa mara ya kwanza humwuliza mwenye kompyuta yuko nchi gani, na jibu analolitoa ndilo linaloamua kama atakuwa na haki ya kuondoa au la. Akitaja nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, au Norway, Iceland na Liechtenstein ambazo zimeungana nao katika eneo moja la kiuchumi, anayo. Akitaja Tanzania, Kenya au Burundi, kampuni haikubanwa na sheria ile. Kifaa ni kilekile, na kinachofungua au kufunga ni jina la nchi. Basi hoja ya kwamba “kiufundi haiwezekani” haipo tena. Inawezekana, na imekwisha kufanyika. Kinachokosekana kwetu ni sheria yenye kulazimisha.

Lakini pia tusidhani kwamba sheria hupatikana kwa kutamani. Nchini India mamlaka ya ushindani iliiamuru Google mwezi Oktoba 2022 isizuie watumiaji kuondoa programu zake. Mwezi Machi 2023 baraza la rufaa likabakiza faini, likalifuta agizo hilo la kuondoa. Na wala si wafanyabiashara pekee wanaopenda kukaa katika simu za watu. Mwishoni mwa Novemba 2025 serikali ya India yenyewe iliwaagiza watengenezaji waweke katika kila simu mpya programu ya serikali ambayo mwenye simu asingeweza kuizima. Wananchi na vyama vya upinzani wakapiga kelele, na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, agizo likaondolewa. Tukidai haki hii, tuidai dhidi ya yeyote atakayeivunja.

Barani kwetu madhara yanaweza kuzidi kujaa kwa nafasi. Mwezi Agosti 2020 ilifichuliwa kwamba simu za bei ya chini aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikuwa na programu haribifu iliyokuwamo tangu kabla ya kufika mikononi mwa wanunuzi, ikiwaunganisha na huduma za kulipia bila wao kujua na kumeza salio lao. Kampuni ya simu hizo ilieleza kwamba kosa lilitokana na mmoja wa washirika katika mlolongo wa utengenezaji, na kwamba ilitoa marekebisho. Ni haki niseme kwamba huo ulikuwa wizi wa dhahiri, na kwamba programu nyingi zinazotukera si za namna hiyo. Lakini mlango ni uleule. Pale mwenye simu asipoweza kutoa kitu, hawezi pia kumtoa mwizi. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2020, mashirika zaidi ya hamsini, yakiongozwa na Privacy International, yaliiandikia Google barua ya wazi yakitaka watumiaji waruhusiwe kuondoa kabisa programu zilizowekwa kiwandani, na programu hizo zikaguliwe kama zinavyokaguliwa nyingine. Kilio chao kikubwa kilikuwa kwamba wanunuzi wa simu za bei nafuu ndio wanaolipa kwa siri zao.

Hapa huwa napingwa, na pingamizi lenyewe si la kipuuzi. Mwenye duka mmoja aliniambia: “Hizo programu ndizo zinazoshusha bei. Kampuni zikikoma kulipa kiwandani, simu itapanda, na huyo mama wa maandazi hataipata.” Yawezekana kweli kwamba sehemu ya bei hulipwa kwa njia hiyo. Lakini tukikubali kwamba ni malipo, basi ni deni, na mdaiwa ana haki ya kuambiwa deni lake kabla hajalichukua. Je, kwenye boksi la simu imeandikwa kwamba sehemu ya bei utailipa kwa nafasi yako, kwa bando lako, na kwa habari zako zitakazochukuliwa? Imeandikwa deni hilo litakwisha lini? Manabii waliwakemea wenye mizani ya udanganyifu, ambayo humwonyesha mnunuzi uzito mmoja na kumpa mwingine. Simu inayotangazwa kwa ukubwa fulani wa kumbukumbu, kisha sehemu yake kubwa ikawa imekaliwa kwa ufunguo ambao mnunuzi hana, sijui inatofautianaje na mizani hiyo. Wengine huniambia mtu asiyejua akiachiwa kuondoa ataiharibu simu. Sheria ya Ulaya imekwisha kulijibu hilo kwa kuviacha vile vya lazima. Mchezo wa karata si wa lazima.

Kanisa nalo halikukaa kimya juu ya mali ya mtu mdogo. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitoa hoja ambayo nimeirudia mara nyingi moyoni tangu siku ile ya mama mweka hazina. Alieleza kwamba mfanyakazi akidunduliza ujira wake na kununua kipande cha ardhi, ardhi ile ni ujira wake uleule katika umbo jingine, na hivyo yapasa awe na mamlaka juu yake kama aliyokuwa nayo juu ya ujira. Sasa badala ya ardhi wekeni simu. Miezi minne ya kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga imo ndani ya kile kioo. Anayemzuia kuitawala simu yake anamshikia ujira wake. Miaka mia moja baadaye, katika Centesimus Annus ya 1991, Papa Yohane Paulo II alisisitiza kuwaelimisha wanunuzi watumie kwa kuwajibika uwezo wao wa kuchagua, naye Papa Benedikto XVI katika Caritas in Veritate ya 2009 alitambua nguvu ya vyama vya wanunuzi. Lakini uwezo wa kuchagua wataka kwanza pawepo na cha kuchagua.

Na kwetu je? Tunazo sheria, ila si hii. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya walaji, na tangu 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inazitaja haki za mlaji waziwazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria yake ya Ushindani mwaka 2006. Tazameni mwaka huo: simu ya kwanza ya iPhone iliuzwa 2007, na ya kwanza ya Android 2008. Si ajabu kwamba watunga sheria hawakufikiria programu zisizoondoka. Bara letu pia limepitisha, Februari 2023, Itifaki ya Sera ya Ushindani ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, nayo huifunga nchi pale tu inapoiridhia. Ulaya ilifaulu kwa sababu mataifa 27 yalisema kwa sauti moja. Nchi moja ikisimama peke yake mbele ya kampuni hizi, kampuni yaweza kuona ni nafuu kuipuuza. Ndiyo maana naamini mahali pa kupeleka kilio hiki ni Arusha, kwenye Jumuiya yetu na Bunge letu la Afrika Mashariki, pamoja na kwenye tume za nchi zetu.

Lakini tume yoyote itatuuliza: ushahidi uko wapi? Hapo ndipo penye kazi yenu. Tume yetu ya parokia imefungua daftari, na liko kwa katibu katika ofisi ya parokia. Kila jumuiya itaandika humo simu zilizonunuliwa na wanajumuiya: aina, mwezi na mahali iliponunuliwa, ukubwa wa kumbukumbu ulioandikwa kwenye boksi, nafasi iliyokutwa siku ya kwanza, na majina ya programu zilizogoma kuondoka. Majina ya wenye simu hayatapelekwa popote. Anayekusudia kununua simu amwombe muuzaji aiwashe kabla ya kulipa, afungue mipangilio, amwonyeshe nafasi iliyobaki kweli na programu zisizo na kitufe cha kuondoa. Muuzaji akikataa, nalo liandikwe. Kwa simu mlizo nazo, vijana wetu wa VIWAWA wamekubali kukaa nje ya ukumbi kila Jumapili baada ya Misa ya pili, kuwasaidia kuzima zisizoondoka na kuzinyima ruhusa ya kusikiliza, kuona mahali mlipo na kusoma majina ya watu wenu. Huduma hiyo ni ya bure, na msikubali kumpa mtu namba ya siri ya fedha zenu, hata akiwa mwanakwaya.

Daftari litafungwa mwishoni mwa Kwaresima. Tutakayoyakuta tutayapeleka kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo, yaunganishwe na ya parokia nyingine kabla barua haijaandikwa. Mama mweka hazina amekwisha kuandika simu yake. Iko mstari wa kwanza.